Kihesabio cha baiti moja kilivyoniharibia trei tatu za mayai ya mteja

Wakuu habari zenu. Nimekaa na hili jambo miezi kadhaa bila kuliandika kwa sababu lilikuwa linaniuma, ila juzi kuna kijana kaniletea programu yake niiangalie, nikakuta ndani yake mstari uleule ulionitesa mimi, nikasema hapana, hii lazima niimwage yote hapa ili mwingine asipite nilipopita.

Mi natengeneza mashine za kutotoleshea vifaranga, niko Morogoro. Mashine yenyewe ni boksi la plaiwudi, balbu mbili za kutia joto, feni ndogo, kipima joto, na ubongo wake ni Arduino Nano, kijibodi cha kompyuta ndogo unachokiandikia programu mwenyewe, ile ya chipu ya ATmega328P. Programu inasoma joto, likishuka chini ya 37.5 inawasha balbu kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, likipanda inazima. Yai la kuku linakaa siku 21, kwa hiyo joto likichezacheza katikati ya hizo siku hupati kitu, na mteja atakuja kukuuliza wewe fundi, sio kuku.

Sasa ili mteja asinibishie na mi nisimbishie, niliweka sehemu ya kutunza rekodi za joto. Ile chipu ina kumbukumbu inaitwa EEPROM, vyumba 1024 vya baiti moja moja, yaani kila kimoja kinabeba namba kati ya 0 na 255, na umeme ukikatika haisahau. Nilikuwa narekodi kila baada ya masaa matatu, yaani mara 8 kwa siku, mara siku 21 unapata 168, nikatenga vyumba 200 na mambo yakaenda vizuri karibu mwaka mzima. Joto nalizidisha kwa 5 ndo naliandika, ili 37.4 na 37.6 zionekane ni vitu viwili tofauti lakini bado vinaenea kwenye baiti moja.

Kabla ya bechi mpya kuna kitufe nimekiandika BECHI MPYA. Ukikibonyeza skrini inaandika SUBIRI, programu inafuta rekodi za zamani, halafu inaanza kuhesabu siku kuanzia siku ya kwanza. Ule mstari wa kufuta ni lupu, yaani amri inayojirudia chumba kwa chumba, na i ndo kihesabio chake. Ulikuwa hivi:

#define IDADI 200
for (uint8_t i = 0; i < IDADI; i++) EEPROM.write(i, 255);

Naweka 255 kwa sababu chipu mpya ikitoka dukani vyumba vyake vyote vinasomeka 255, kwa hiyo kwangu 255 maana yake ni chumba kitupu. Na hiyo uint8_t, aina ya namba inayokaa kwenye baiti moja, niliiweka kwa makusudi kabisa, nilishasoma kwamba chipu yenyewe ni ya biti 8 na RAM yake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni KB 2 tu, kwa hiyo ubane, tumia aina ndogo ya namba kila inapowezekana. Nilikuwa najiona makini.

Akaja mama mmoja wa Dakawa, mfugaji mzuri tu, anataka mashine ya mayai 90. Akaniambia mwanangu mimi nataka kuona joto kila baada ya masaa mawili, matatu ni mengi. Nikaona ana hoja. Masaa mawili ni mara 12 kwa siku, mara 21 ni 252. Nikabadilisha ile namba 200, na badala ya kuandika 252 nikaandika 256, kwa kuwa 256 ni namba ya kompyuta, inakaa vizuri, na inabaki nafasi kidogo. Ndo basi, hicho ndo kitu pekee nilichogusa. Ningeandika 252 mashine ingefanya kazi mpaka leo na nisingejua chochote. Hata 255 ingefanya kazi. Nilipitiliza kwa moja tu.

Niliijaribu mashine siku mbili mezani kwangu. Joto limetulia 37.5, feni inazunguka, rekodi zinaandikwa. Kitufe cha BECHI MPYA sikukigusa, kwa sababu chipu ilikuwa mpya na vyumba vilikuwa vitupu tayari, nikaona cha kufuta hakipo. Hapo ndo kosa la pili, na mimi naliona kubwa kuliko la kwanza, maana kila mtu ataandika mstari mbovu siku moja ila kupeleka kitu kwa mteja na kuna kitufe hujakibonyeza hata mara moja, hilo ni la kwangu mwenyewe.

Jumamosi jioni yule mama akapanga mayai yake, trei tatu, mengine ya kwake mengine kanunua kwa majirani mia tano mia tano. Akabonyeza BECHI MPYA. Skrini ikaandika SUBIRI. Akasubiri. Jumapili nzima imeandika SUBIRI, na yeye kwa heshima ya maandishi ya fundi akaendelea kusubiri, hajanipigia mpaka Jumatatu alfajiri.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Hii mashine yako inasema nisubiri, sasa nimesubiri siku mbili, na ndani kumepoa."

Nikapanda gari nikaenda. Nikachomoa waya, nikachomeka, mashine ikaamka vizuri kabisa, balbu zikawaka, joto likapanda mpaka 37.5 likatulia. Nikajiambia huu ni umeme, utakuwa ulicheza siku ile akabonyeza. Mayai yalikuwa bado mabichi na yalikaa kwenye joto la kawaida tu la chumbani, balbu bahati nzuri zilikuwa zimezimwa wakati programu inaganda, kwa hiyo nikamwambia mama tuendelee nayo hayahaya. Nikakaza nyaya, nikakaa pale kama masaa manne naiangalia, nikaondoka roho imetulia.

Kuna kitu kimoja kwenye skrini nilikiona na nikakipita. Ilikuwa imeandika SIKU 0. Kwenye programu yangu siku zinaanza kuhesabiwa kwenye mstari unaofuata baada ya lupu ya kufuta. SIKU 0 maana yake ule mstari haujawahi kufikiwa. Jibu lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yangu, na mi nakaza nyaya.

Usiku mama akapiga. Mwanangu mbona siku hazihesabiwi. Nikamwambia mama bonyeza tena kile kitufe cha BECHI MPYA, siku zitaanza. Akabonyeza nikiwa kwenye simu.

"Imeandika subiri."
"Basi subiri kidogo mama, itatoka yenyewe."

Mi nikaenda kulala. Safari hii programu iliganda balbu zikiwa zimewashwa. Rilei inabaki pale ulipoiacha, haina akili yake, inasubiri kuambiwa, na wa kuiambia yuko kwenye lupu isiyoisha. Balbu zimewaka usiku kucha. Asubuhi mama kafungua mlango, kile kipima joto cha kioo ninachoning'iniza ndani kama akiba kilikuwa kinasoma 47. Mayai yameharibika. Trei tatu zote. Hakunigombeza, na nadhani angenigombeza ningejisikia nafuu.

Nilimlipa mayai yake 45,000, nikaondoka na boksi la umeme kwenda nalo nyumbani. Hapo zikaanza siku nne ambazo hata kuzikumbuka sipendi. Nilibadilisha rilei. Nikabadilisha adapta. Nikaongeza kapasita nikidhani rilei inapiga kelele ya umeme inayoisumbua chipu. Nikabadilisha nyaya za skrini. Kila nikibadilisha kitu nawasha, mashine inafanya kazi, nasema tayari, halafu moyoni najua sijaelewa kitu. Pesa kama elfu thelathini zilienda kwenye vifaa ambavyo vyote vilikuwa vizima.

Siku ya tano nikampigia mama, sio kumpa habari, nikamuomba tu anisimulie alifanya nini toka mwanzo, hatua kwa hatua, hata kama anaona haina maana. Nimechomeka, nimeacha ipate moto, nimepanga mayai, nimebonyeza bechi mpya. Nikaangalia meza yangu. Siku zote nne sikuwahi kubonyeza. Nikabonyeza. SUBIRI. Dakika moja, mbili, tano. Aisee nilihisi baridi mgongoni.

Kuanzia hapo haikuchukua hata nusu saa. Niliweka mstari mmoja ndani ya lupu, Serial.println(i), nikachomeka laptopu, nikafungua Serial Monitor, lile dirisha la kuonyesha kinachotumwa na Arduino, nikabonyeza tena. Namba zikaanza kushuka kama maji, huwezi kusoma, nikaondoa tiki kwenye Autoscroll zikasimama, nikarudisha juu taratibu. 251. 252. 253. 254. 255. 0. 1. 2. 3. Nikateremka chini zaidi, tena 254, 255, 0, 1.

Yaani lupu ilikuwa inafika mwisho, inarudi mwanzo, inafika mwisho, inarudi mwanzo.

Kwa wasioijua hii ngoja niieleze nilivyoielewa. uint8_t ni namba isiyo na hasi inayokaa kwenye biti 8. Biti 8 zinatoa michanganyiko 256, kuanzia 0 mpaka 255, 256 yenyewe haimo. Ukiwa 255 ukaongeza moja unarudi 0, na sio hitilafu, lugha ya C inasema wazi kwamba namba zisizo na hasi zinazunguka hivyo. Sasa mi nilikuwa naiuliza kihesabio chako ni kidogo kuliko 256? Jibu ni ndiyo milele, kwa sababu hakiwezi kuwa kingine. Chukua saa ya ukutani. Mwambie mtu kaa hapa mpaka mshale ufike saa kumi na tatu ndo uondoke. Mshale utafika saa kumi na mbili, utapita, utakuja saa moja, na yule mtu atakaa hapo mpaka azeeke, na saa haina kosa lolote, iko sawa kabisa. Ukiandika i <= 255 ni kitu kilekile, wengi wanadhani ni tofauti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kompaila, ile inayogeuza maandishi yako kuwa lugha ya chipu, ilikuwa inalijua hili. Kwenye Arduino IDE, programu tunayoandikia kwenye laptopu, ukienda Preferences kuna sehemu ya Compiler warnings, na ukiisakinisha tu inakuja imewekwa None, yaani imenyamazishwa. Nikaiweka All, nikakompaili ileile programu ya mwanzo bila kubadilisha kitu, likatoka onyo linataja mstari wenyewe, linasema huo ulinganisho ni kweli daima kwa sababu ya ukomo wa aina ya namba. Ingenichukua sekunde kumi. Na angalieni, hata ukiweka More hulioni hilo onyo, mpaka All. Nendeni mkaweke leo, msisubiri.

Halafu kuna uharibifu mwingine ambao ungenipita kama nisingekaa nikapiga hesabu. Ile EEPROM haina uhai wa milele, mtengenezaji anakuahidi kuandika na kufuta mara 100,000 kwa kila chumba. Kuandika mara moja kunachukua kama milisekunde 3.4. Vyumba 256 mara 3.4 ni sekunde 0.87 hivi, hiyo ni raundi moja ya lupu yangu. Raundi 100,000 ni kama sekunde 87,000. Siku ina sekunde 86,400. Yaani ile lupu ikiachwa siku moja tu inamaliza uhai wote ulioahidiwa wa vile vyumba, na kwa mama ilikaa kama masaa 36 mara ya kwanza halafu usiku mzima mara ya pili. Chipu ilikuwa bado inasoma na kuandika vizuri nilipoipima, na ahadi ya mtengenezaji ni kiwango cha chini sio siku ya kufa, lakini sikutaka kubahatisha na mayai ya mtu, nikaweka Nano nyingine mpya. Kama ningetumia EEPROM.update badala ya EEPROM.write uharibifu usingekuwepo, maana update inasoma kwanza, ikikuta thamani ni ileile haiandiki. Siku hizi write siitumii kabisa.

Kuhusu marekebisho yenyewe, rafiki yangu mmoja aliniambia weka tu i < 255 itasimama. Kweli itasimama, ila inaacha chumba namba 255 hakijafutwa, na hilo ni kosa jipya la kimyakimya ambalo utakutana nalo miezi sita mbele hujui limetoka wapi. Njia ya moja kwa moja ni kukipa kihesabio nafasi kubwa kuliko kile unachokihesabu:

for (uint16_t i = 0; i < IDADI; i++) EEPROM.update(i, 255);

Na ukitaka kwa nguvu zote kubaki na baiti moja, basi fanya kazi kwanza halafu uliza baadaye, ukitegemea huohuo mzunguko kukusimamisha:

uint8_t i = 0;
do {
  EEPROM.update(i, 255);
} while (++i != 0);

Hii inapita 0 mpaka 255 zote, na kinaporudi 0 ndo inatoka. Ni sahihi, naielewa, ila mi binafsi nimechagua ile ya uint16_t kwa sababu mtu mwingine akija kuisoma haitaji kufikiria, na kama kesho IDADI itakuwa 300 bado itafanya kazi wakati hii ya pili itaishia 255 bila kukwambia. Na ile hoja yangu ya kubana RAM, nilikuja kuangalia vizuri, kihesabio cha lupu kama hicho kompaila inakiweka kwenye rejista, vijisehemu vya kuhesabia ndani ya kiini cha chipu, hakigusi hata RAM. Nilikuwa nimebana baiti ambayo haikuwepo.

Tahadhari pia na kurudi nyuma. Nilipotaka kuonyesha rekodi kuanzia mpya kwenda za zamani nikaandika lupu ya kushuka, i >= 0, na i ni uint8_t. Ileile. Namba isiyo na hasi ni kubwa kuliko au sawa na sifuri siku zote, ikifika 0 ukatoa moja inakuwa 255. Safari hii onyo lilitoka kabla sijapakia. Ninayoitumia sasa kushuka ni for (uint16_t i = IDADI; i-- > 0;), inaanza kwenye chumba cha mwisho na inaishia kwenye 0 yenyewe. Na wanaoandika kwa lugha nyingine za programu kama Go wasidhani wako salama, uint8 yao inazunguka vilevile. Python haina hili tatizo kwa sababu namba zake hazina ukomo wa biti, na Rust ukiandika 0..=255u8 inapita zote na inasimama.

Nilivyokuwa nasoma kuhusu haya nikakutana na habari ya Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani, ilitumika Marekani na Kanada miaka ya 1980. Kwenye ajali moja, Yakima jimbo la Washington, Januari 1987, ndani ya programu kulikuwa na kihesabio cha baiti moja ambacho kila mzunguko kinaongezwa moja, kikiwa sio sifuri maana yake fanya ukaguzi wa mkao wa mashine. Kila mara ya 256 kinarudi sifuri, na ukaguzi unarukwa. Mtu alipigwa mionzi kupita kiasi kwa sababu hiyo. Nilifunga laptopu siku ile nikakaa nje kidogo. Mi nilipoteza mayai.

Ndo maana siku hizi siiamini programu peke yake kwenye kitu kinachotoa joto. Kila mashine yangu ina swichi ndogo ya joto imeunganishwa moja kwa moja kwenye njia ya umeme wa balbu, joto likizidi inakata yenyewe, haimuulizi Arduino. Ni kitu cha bei ndogo sana. Na nimewasha wochidogi, ile saa ya ndani ya chipu ambayo programu ikikaa kimya inairiseti, kwenye hii chipu unaweza kuipa mpaka sekunde 8. Ingekuwepo siku ile, mashine ingejiwasha upya na balbu zingezimwa. Ila kama una Nano yenye butiloda ya zamani, ile programu ndogo inayoanza kwanza chipu ikiwaka, uwe mwangalifu, wochidogi ikiriseti ile butiloda haiizimi, mashine inaingia kwenye kujiriseti bila kikomo, inabidi kwanza uipakie butiloda ya Optiboot. Hilo nililigundua mezani, safari hii sio kwa mteja.

Nilirudi Dakawa baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimeshabonyeza kile kitufe nyumbani mara nyingi mno, nimejaza vyumba vyote 256 na namba za uongo nikafuta, nikaweka IDADI 255, 256, 257 nikajaribu zote. Mama alikuwa na mayai mengine tayari kwenye trei, lakini akaniambia hapana, siweki hata moja mpaka nibonyeze mwenyewe mbele yako. Akabonyeza. SUBIRI ikatokea, ikakaa kama sekunde moja hivi, ikaandika SIKU 1. Akaniangalia. Akabonyeza tena, safari hii SUBIRI hata haikuonekana vizuri maana vyumba vilikuwa vitupu tayari na hakukuwa na cha kuandika. Akasubiri balbu ziwake, zilipowaka tu akabonyeza mara ya tatu, akasogeza uso karibu na kioo mpaka alipoona zimezima zenyewe kwenye 37.5. Ndo akaanza kupanga, moja moja, ncha iliyochongoka chini.